Eriali ya Boti ya Mume Wangu

Mume wangu alinunua boti mwaka aliostaafu. Ilikuwa boti ndogo ya faiba, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni, injini moja nyuma, viti vinne na paa la turubai lililoshikwa na mabomba. Haikuwa ya kuvulia wala ya kubebea abiria. Ilikuwa ya kutembelea tu siku za Jumapili baada ya ibada, yeye na wenzake wawili wa kanisani, kutoka gatini Mbaraki mpaka karibu na mlango wa bandari na kurudi. Mimi sikualikwa, nami sikuomba.

Ndani yake mlikuwa na redio ya baharini, ile ya kuzungumza na meli na stesheni ya bandari. Tangu wiki ya kwanza mume wangu alirudi nyumbani akiilalamikia. Alisema inakoroma. Alisema wakishafika mbele kidogo hasikii mtu, na akiita hakuna anayemjibu. Siku moja alirudi amefurahi, akasema ameitengeneza. Nilimuuliza ameitengenezaje. Kumbe alikizungusha kile kifundo cha kukata kelele mpaka mwisho. Kelele zilikatika kweli, na sauti za watu zikakatika pamoja nazo. Alikuwa anatembea baharini na redio bubu, na moyo umetulia.

Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mama watoto, wewe ulikaa kwenye kiti ofisini. Mambo ya boti ni mengine."

Ni kweli nilikaa kwenye kiti. Nilikikalia miaka kumi na minane. Nilishuka kutoka Taita nikiwa msichana mwenye cheti cha sekondari na barua ya kuitwa kazini, nikafundishwa kazi ya redio katika stesheni moja ya bandari hapa kisiwani. Aliyenifundisha alikuwa mkuu wa zamu, mtu wa Mji wa Kale, mpole, mwenye koti la kijivu hata wakati wa joto. Sote tulimwita Mwalimu. Alinifundisha kusikiliza. Alisema kusema kwenye redio hata kasuku angeweza, kazi yenyewe ni kumsikia mtu aliye mbali, mwenye hofu, anayezungumza Kiingereza kibovu kupitia kelele za injini. Nilijifunza. Nilifika mahali nikaweza kumtambua nahodha kwa pumzi yake kabla hajataja meli yake.

Kisha mama mkwe akapooza upande mmoja, na ndani ya familia ikaonekana kwamba anayefaa kumwuguza ni mimi. Nikaomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara. Mwalimu alinipa mkono, akasema, "Kiti chako kitakungoja." Mwaka ulipokaribia kwisha, mume wangu aliniambia amepita ofisini kwetu, wameshaweka mtu mwingine mahali pangu. Siku chache baadaye akaniletea fomu ya kuacha kazi. Akasema ndiyo wanayotaka niitie sahihi ili nipate haki zangu. Nilikuwa namlisha mama yake uji. Niliweka kijiko chini, nikatia sahihi kwenye meza ile ile, nikarudi kwenye uji.

Sikwenda kumwuliza mtu. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyedharauliwa. Nilisema moyoni, kama Mwalimu ameweza kunifanyia hivi baada ya miaka kumi na minane, sina haja ya kusikia sauti yake tena. Na kweli sikuisikia. Siku moja nilikutana naye barabarani Ndia Kuu, akaniona kutoka mbali, akainua mkono. Niligeuka kwenye dirisha la duka la vinyago, nikatazama twiga wa mbao mpaka nilipojua ameshapita. Alipofiwa na mkewe nilipata habari siku hiyo hiyo. Sikwenda kuhani. Watu wa stesheni walikwenda wote, waliostaafu na wasiostaafu, mimi nikakaa nyumbani Ganjoni nikikunja nguo.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo miaka kumi na mmoja baadaye, wakati mume wangu aliponiambia mambo ya boti ni mengine.

Niliendelea kumsikia akilalamika wiki hadi wiki. Mwishowe si upendo ulionipeleka Mbaraki. Ilikuwa ni kuudhika. Mtu wa redio hawezi kukaa nyumba moja na redio mbovu na kunyamaza. Jumatano moja, yeye akiwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, nilichukua ufunguo wa boti, bisibisi, na chuma changu cha kulehemu risasi, nikapanda tuktuk.

Tatizo halikuwa redio. Redio ilikuwa nzuri kuliko tulizotumia kazini. Tatizo lilikuwa kila kitu kilichoizunguka. Aliyeifunga alikuwa amelaza eriali juu ya bomba la paa, imelala kama mwiko, imefungwa kwa kamba ya nailoni. Mawimbi ya redio za namna hii huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona. Eriali ikilala chini, haioni mbali, na isichokiona haikisikii. Waya wake ulikuwa umepitishwa bega kwa bega na waya wa pampu ya maji na wa zile taa nyeupe za bei rahisi alizozipamba pembeni, na kila pampu ilipowaka redio ilinguruma. Nilipofungua kile kichwa cha waya kinachoingia nyuma ya redio, kilitoka unga wa kijani. Chumvi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nyuzi za shaba. Nilikata sentimita kumi, shaba bado nyeusi. Nikakata kumi nyingine, bado nyeusi. Nikaona hapa hakuna cha kuponya, ni waya mpya.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme katika kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu. Mwenye duka alinitazama juu ya miwani.

"Mama, waya huu wautaka wa televisheni?"

"Wa redio ya boti. Nataka ule mnene, wenye shaba iliyopakwa bati."

"Nani aliyekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akaenda nyuma ya duka, akarudi nao. Alinipa pia kichwa kipya na utepe wa mpira, ule unaojishika wenyewe ukiuvuta, usiopitisha maji. Wakati wa kunifungia alisema, kwa adabu, kwamba waya huo usikunjwe sana kwenye kona. Nilimshukuru. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kuzungumza nami habari ya kazi yangu kama kazi.

Nilifanya kazi ile kwa siku tatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, saa za asubuhi. Niliisimamisha eriali wima juu kabisa ya paa, kwenye kipande cha bomba nilichomwomba mlinzi wa gati anikatie. Nilipitisha waya mpya upande wa kushoto peke yake, mbali na pampu na taa. Nililehemu kichwa, nikakizungushia utepe wa mpira mara mbili. Redio nikaitolea umeme moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake, isigawane na kitu kingine. Taa zile nyeupe nikazing'oa. Kisha nikakirudisha kifundo cha kelele mahali pake, nikaita stesheni kuomba kupimiwa sauti.

Alijibu mwanamke. Sikumjua, alikuwa wa siku za karibuni. "Nakupata vizuri sana, safi," alisema. Nilitaka kumwambia kwamba kiti alichokalia nakijua. Nikasema asante, nikazima.

Mume wangu nilimwambia jioni, tukila. Aliendelea kutafuna. Akauliza taa zake ziko wapi. Nikamwambia zinaharibu usikivu. Akasema, "Ungeniuliza kwanza." Basi.

Jumapili iliyofuata tulikubaliana kitu kimoja. Wakishapita mkondo wa Kilindini na kufika karibu na mlango, aniite, nami nipime kama sauti inafika nyumbani. Boti ilikuwa na redio ya mkononi ya akiba. Niliichukua, nikapanda nayo kwenye paa la jengo letu Ganjoni, mahali tunapoanika nguo. Saa tisa hivi aliniita kwenye chaneli tuliyokubaliana. Nilimpata kama yuko ngazini. Alisema, "Haya, sawa," akarudi kwenye chaneli ya dharura, ambayo kila chombo husikiliza. Nami nikairudisha yangu huko huko kwa mazoea ya zamani.

Sijui nani aliiweka maiki kwenye kiti, na nani aliikalia. Maiki ya redio ikikaliwa, kitufe hubanwa, na yote yanayosemwa karibu nayo hutoka hewani. Ikiwa hivyo, hakuna mwingine anayeweza kuitumia chaneli. Kazini lilikuwa kosa tuliloliogopa kuliko yote, kwa sababu mtu anayezama wakati huo anaita bure. Niliwahi kuwakaripia manahodha wakubwa kwa jambo hili.

Nilisikia kwanza injini, kisha chupa ya soda ikifunguliwa. Kisha sauti ya mwenzake mmoja, mstaafu wa reli, mtu mwenye sauti nzito.

"Redio sasa inasema kama ya meli. Nani amekutengenezea?"

"Nani tena? Mimi mwenyewe," mume wangu akasema. "Nimeipandisha eriali, nikabadilisha waya. Siku tatu."

"Nilidhani mama watoto ndiye mtu wa redio."

"Aa, yule alikuwa anashika maiki tu. Anasema 'subiri', anasema 'endelea'. Ufundi hana."

Nilikuwa nimeshika shuka lililokuwa linakauka. Nilijua ninachopaswa kufanya. Simu ilikuwa kwenye pindo la kanga. Ilikuwa ni kumpigia na kusema maiki imekaliwa, jambo la nusu dakika. Sikupiga.

Mwenzake wa pili akauliza kwa nini basi niliacha kazi mapema, kama kazi yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo. Mume wangu akacheka. Nalijua cheko lile, ndilo analolitoa akitaka kuonekana mtu wa akili.

"Hakuacha. Nilimwachisha. Walitaka kumpeleka kozi miezi sita, arudi awe mkuu wa zamu. Tarishi alileta barua nyumbani, yeye yuko hospitali na mama. Nikaitia mfukoni. Nikawaambia kwa simu, mke wangu ameamua kukaa nyumbani. Halafu nikamletea fomu, akatia sahihi bila hata kuisoma."

"Na mama yako angeuguzwa na nani," akasema yule wa pili, kama anayemsaidia.

"Ndiyo hapo."

Ikasikika injini tu. Kisha yule wa reli akauliza polepole, "Mwenyewe anajua?"

"Atajuaje?"

Wakaingia kwenye habari za mchungaji na ujenzi wa ukuta wa kanisa. Niliendelea kusikiliza, nikingoja kama ataongeza neno, kama atasema alijuta hata siku moja. Nilisimama pale dakika kama kumi. Chaneli ya dharura ya bandari nzima ilikuwa imezibwa, mimi ndiye mtu pekee niliyeijua namba ya simu ya kuifungua, nami nilikuwa nangoja kusikia kama mume wangu ana majuto. Kwa hayo siwezi kumlaumu yeye. Kama kuna mtu angeita msaada dakika zile asisikike, ningekuwa na lawama mpaka kaburini. Kwa rehema za Mungu hakuwepo.

Alipoanza kusimulia bei ya mawe nikapiga simu.

"Baba watoto, maiki imekaliwa. Mnasikika kila mahali."

Nilisikia kwenye redio kiti kikigongwa, kisha hewa ikawa tupu. Papo hapo akaingia yule mwanamke wa stesheni, sauti yake imekauka, akikitaka chombo kilichoziba chaneli kijitambulishe. Hakuna aliyejibu. Kwenye simu mume wangu aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mlipouliza nani ametengeneza redio."

Alirudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule, viatu vina mchanga, na neno la kwanza alilosema ni, "Watu wote wamenisikia."

"Ndiyo."

"Stesheni wamenisikia. Marubani wa meli wamenisikia. Jumapili ijayo nitasimama vipi kanisani?"

Nilingoja. Nilidhani hayo ni mlango tu, na nyuma yake kuna mengine.

"Nawe ulikuwa unasikiliza muda wote," akasema. "Ungepiga mara moja. Ulituacha makusudi."

"Niliwaacha."

"Basi umeniaibisha wewe. Ungeiacha redio mbovu ilivyokuwa, yasingetokea haya."

Nilimwuliza barua iko wapi. Akasema aliichoma siku nyingi. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyenipigia simu wakati ule. Akasema hakumbuki. Nilimwuliza kwa nini. Hapo akakaa, akafungua kamba za viatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kwamba mwanamke wa kulala kazini siku tatu kwa wiki si mke, na kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kulalamika. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilimlaumu mtu mwingine kwa miaka kumi na mmoja, kimya kimya, na kumwachia mume wangu amani.

Nilihamisha nguo zangu kwenye chumba alichofia mama yake. Binti yetu alipiga simu kutoka Nakuru kuniuliza kuna nini, kwa kuwa baba yake alimwambia nimekasirika kwa sababu ya utani. Nilimweleza. Akasema, "Mama, ni zamani sana sasa."

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mji wa Kale kumtafuta Mwalimu. Nyumba yake niliijua, ya ghorofa moja, yenye mlango wa kuchonga uliopakwa rangi ya kijani juu ya nakshi. Nilipiga hodi. Alifungua binti yake, mtu mzima, amejifunga leso.

"Karibu, mama."

Nilijitaja mimi nani. Akanitazama sana kabla ya kunipisha.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkeka karibu na dirisha, amekonda, miguu imefunikwa shuka. Nilimwamkia. Aliitikia kwa ukamilifu, akauliza hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya mume, hali ya mtoto, moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa, bila kuruka hata moja. Nilijibu zote. Kisha nikamwambia niliyoyasikia. Nilimwambia sikujua habari za barua, kwamba nilidhani yeye ndiye aliyenitoa, na kwamba siku ile Ndia Kuu nilimwona.

"Najua uliniona," alisema.

"Nisamehe, Mwalimu."

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake.

"Barua ile naliiandika kwa mkono wangu," akasema. "Wakubwa hawakutaka mwanamke ashike zamu. Nalibishana nao miezi. Nikawaambia, huyu asikia kuliko sisi sote. Nilipopata jawabu lako, walinicheka. Kila mwaka walinikumbusha. Wakisema, yule wako yuko wapi?"

"Halikuwa jawabu langu."

"Nalikupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza mumeo alisema umelala. Mara ya pili alisema umesafiri. Mara ya tatu alisema hutaki kusumbuliwa." Akanitazama moja kwa moja. "Lakini nyumba yangu ilikuwa hapa hapa. Hukusafiri mwaka mzima. Weye hukuweza kuya kuniuliza, Mwalimu, mbona umenifanyia hivi?"

Nilimwambia kilikuwa kiburi tu.

"Na mke wangu alipokufa hukuya. Hilo si la mumeo."

Binti yake aliingia na kahawa. Niliinywa yote kwa sababu kuiacha kungekuwa kosa jingine. Mwalimu hakutaja tena jambo lile. Aliniuliza eriali niliisimamisha wapi, nikamweleza, akaniuliza kama nilikitia risasi kichwa cha waya au nilikibana tu. Nikasema nilikitia risasi. Akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho, na binti yake akanionyesha kwa mkono kwamba amechoka.

Nilipokuwa mlangoni nikitafuta viatu vyangu, nilimwuliza binti kama naweza kurudi kumwona. Alisema atamwuliza baba yake kwanza. Nilimwachia namba yangu ya simu, akaiandika nyuma ya bahasha ya dawa.

Hajanipigia. Nimepita mtaa ule mara mbili tangu hapo, nikaona dirisha liko wazi, sikupiga hodi. Mume wangu amerudi kwenye boti yake, na mwenzake mmoja tu, si yule wa reli. Yule wa reli nilikutana naye sokoni akavua kofia, akasema, "Mama, pole," akaondoka upesi kabla sijamwitikia.